Anayelipa Kikwazo Hayumo Kwenye Tangazo

Machi 2025 Malawi ilipiga marufuku kwa muda uingizaji wa vyakula kadhaa kutoka nje, vikiwamo unga, mchele, mahindi, tangawizi na ndizi. Sababu iliyotolewa ni kuwalinda wazalishaji wa ndani. Afrika Kusini nayo ilikuwa imekwisha kukaa miaka ikizikataa ndizi za Tanzania. Aprili, Hussein Bashe, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wa Tanzania, akazipa nchi hizo mbili siku chache zibadili msimamo. Hazikubadili, na tarehe 24 Tanzania ikayafungia mlango mazao ya kilimo ya nchi zote mbili. Kabla mwezi haujaisha katazo la Tanzania likaondolewa, mazungumzo yakaendelea. Magazetini ilikuwa habari ya mawaziri na hatua za kulipizana. Kwa watu wa wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ambao ndizi zao huvuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi, ilikuwa habari ya mkungu uliokwisha kukomaa.

Mvua ya Tukuyu, mji wa Rungwe, hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na mgomba wa huku hauna msimu mmoja wa kuvuna. Kahawa huleta fedha kwa mkupuo. Ndizi huleta kidogo kidogo, na ndiyo inayonunua chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Sasa, mahindi unaweza kuyatia ghalani ukangoja wakubwa wapatane. Mkungu uliokomaa hauna ghala. Ukiuacha shambani unaivia mgombani na ndege wanaugawana. Ukiukata, unazo siku za kuhesabu. Kwa hiyo serikali mbili zikianza kupimana nguvu kwa kufunga mpaka, wa kwanza kuishiwa muda ni mwenye mgomba, na hakuna aliyemwalika kwenye mashindano.

Tazama mzigo unavyotembea. Mnunuzi hupita mashambani au hungoja sokoni, tuseme Kiwira. Sehemu ya ndizi huzilipia taslimu, sehemu huchukua mali kauli: nipe leo, nikirudi nitakulipa. Mzigo hupakiwa kwenye fuso, ukateremka kupitia Kyela hadi Kasumulu. Mpaka ukifungwa, mwenye gari anadai fedha ya kulaza gari, dalali anapiga simu kusema mzigo umekwama, na mama aliyetoa mikungu yake kwa mali kauli ndiye anayebaki na hasara, kwa kuwa hana karatasi yoyote mkononi. Ndizi zilizokuwa ziende Malawi hugeuzwa kuelekea Mbeya mjini au Dar es Salaam, zikaishusha bei ya mkulima ambaye maisha yake yote hajauza hata chane moja nje ya nchi. Ng'ambo ya Mto Songwe nako si shwari. Ugonjwa wa kirusi unaodumaza migomba uliteketeza sehemu kubwa ya mashamba ya ndizi ya Malawi, na mlaji wa Karonga hukuta sokoni ndizi chache kwa bei kubwa.

Mchumi makini atanikatiza hapa: katazo la kulinda soko la ndani si vikwazo vya kiuchumi. Ni kweli. Vikwazo, kwa maana yake kamili, huwekwa ili kuilazimisha serikali fulani ibadili mwenendo wake. Lakini maumivu hayaulizi nia ya aliyetia saini. Hupitia njia zilezile: bei, deni, kibarua kilichokatika. Na Tanzania inaijua njia hiyo vizuri, kwa sababu nayo imewahi kuwafungia wenzake.

Julai 25, 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka Burundi kwa mapinduzi. Siku sita baadaye viongozi wa nchi za jirani, waliokutana Arusha, wakaiwekea Burundi vikwazo. Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa msuluhishi wa mgogoro ule. Burundi haina bahari. Mzigo wake mwingi ulipita bandari ya Dar es Salaam, ukapanda reli ya kati hadi Kigoma, kisha ukavushwa Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Funga njia hiyo na petroli inapanda bei. Petroli ikipanda, kila kitu kinapanda. Mbolea na dawa zikawa adimu. Wenye vyeo na wenye vibali hawakukosa. Magendo yalistawi, na anayeshika njia ya magendo wakati wa uhaba hutajirika kuliko wakati wa amani. Aprili 1997 viongozi walilegeza masharti kwa chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo, na vikwazo vyote vilisitishwa Januari 1999. Wanaovitetea husema vilimsukuma Buyoya kwenye meza ya mazungumzo ya amani ya Arusha, na sehemu ya hoja hiyo naikubali. Ila Buyoya aliendelea kukaa ikulu hadi 2003. Mkulima wa Ngozi, kaskazini mwa Burundi, hakupata fidia ya msimu aliopanda bila mbolea.

Nje ya Afrika nako, kwa Iraki, iliyofungiwa na Umoja wa Mataifa kuanzia Agosti 1990, mjadala wa madhara ulikuwa mkali kiasi kwamba Denis Halliday, aliyesimamia shughuli za kibinadamu za Umoja huo mjini Baghdad, alijiuzulu mwaka 1998 akipinga. Baadhi ya takwimu za vifo vya watoto zilizotangazwa miaka ile zilikuja kubainika kuwa hazikuwa sahihi, na inafaa kulisema hilo waziwazi: mateso ya watu hayahitaji kutiwa chumvi. Desemba 2022 ndipo Baraza la Usalama lilipopitisha Azimio 2664, linaloruhusu misaada ya kibinadamu ipite hata pale mali za wahusika zilipozuiwa. Zaidi ya miaka thelathini kujifunza jambo ambalo muuza duka yeyote angewaeleza.

Rungwe ina mfano wake mwingine, wa zamani, na huo ni mgumu zaidi kuuhukumu. Wazee wanaikumbuka Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Vijana wa Kinyakyusa walikuwa wamezoea kufuata kazi mbali: machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, kisha Rand, Afrika Kusini. Ardhi ilikuwa imebana, na mahari ilitaka ng'ombe. Juni 26, 1959 Nyerere alisimama jijini London pamoja na wenzake wakaitisha mgomo dhidi ya bidhaa za Afrika Kusini. Baada ya Uhuru Tanganyika ikaifungia Wenela mlango. Malawi iliendelea kupeleka watu wake hadi 1974, ndege ya vibarua ilipoanguka Francistown, Botswana, na kuua zaidi ya watu sabini, ndipo Rais Banda akasimamisha.

Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa kijana wa upande huu wa Songwe alikosa mshahara ambao jirani yake wa ng'ambo aliendelea kuupokea. Je, Tanganyika ilikosea? Sidhani. Waafrika Kusini wenyewe, wakiongozwa na Albert Luthuli, walikuwa wameomba nchi yao isusiwe, wakijua kwamba na wao wataumia. Kikwazo kinachoombwa na wanaokandamizwa kina uhalali ambao kile cha Burundi hakikuwa nao kwa kiwango hicho, na vita vya ndizi havina kabisa. Hata hivyo sehemu ya gharama ya msimamo ule wa kishujaa ilitoka mifukoni mwa familia za Rungwe, na vitabu vyetu vya ukombozi wa Kusini mwa Afrika huwataja askari, kambi na viongozi, si vibarua hao.

Biashara na jirani haitaacha kuwa na ugomvi, na serikali isiyoweza kujibu itaonewa. Lakini jibu linaweza kupangwa. Mzigo unaooza uliokwisha kuondoka shambani upewe siku za kuvuka kabla lango halijafungwa. Halmashauri na vyama vya ushirika viwape wakulima stakabadhi za mali kauli, hata za mikungu mitano, ili deni liwe na mwenyewe. Na wewe msomaji, siku utakaposikia serikali yetu au ya jirani imetangaza marufuku, usiishie kuuliza nani kashinda. Muulize mbunge na diwani wako mzigo ulioko njiani utafanywaje, na nani atalipa.