Mvinyo wa daraja la juu huanzia shambani: safari ya Ntsiki Biyela na zabibu za Dodoma

Na Mwandishi Wetu

Zabibu za mvinyo zinapofikishwa kiwandani, miongoni mwa mambo ya kwanza yanayopimwa ni sukari iliyomo ndani ya tunda. Tone la mchuzi wa zabibu, kama yanavyoitwa maji yake huko Dodoma, huwekwa kwenye kifaa kidogo cha mkononi, na nambari inayosomeka hutaja kiwango cha sukari kwa kipimo cha Brix. Kwa mvinyo mkavu wa mezani, kinachotafutwa aghalabu ni kati ya 20 na 25. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya mchuzi huzaa asilimia moja ya kilevi, hivyo nguvu ya mvinyo hujulikana kabla hata zabibu hazijakamuliwa.

Hata hivyo, nambari peke yake haitoshi. Anayeamua zabibu zichumwe siku gani, zichachushwe kwa joto gani na zikae ghalani muda gani ni mtengeneza mvinyo, taaluma ambayo kwa wengi nchini bado ni ngeni. Njia ya kuifikia inaonekana vizuri katika maisha ya Bi. Ntsiki Biyela wa Afrika Kusini, anayetambuliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza nchini humo kushika kazi hiyo.

Bi. Biyela alizaliwa mwaka 1978 na kulelewa na bibi yake kijijini KwaZulu-Natal, mbali na mashamba ya mizabibu. Baada ya kumaliza shule alifanya kazi za nyumbani. Mwaka 1999 alipata ufadhili wa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, akajiunga na Chuo Kikuu cha Stellenbosch kusomea kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa mvinyo. Wakati huo hakuwa amewahi kuonja mvinyo, na masomo yalifundishwa kwa Kiafrikaans, lugha ambayo hakuifahamu. Alihitimu mwaka 2003. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kiwanda cha Stellekaya, na mvinyo mwekundu wa kwanza alioutengeneza hapo ukapata medali ya dhahabu katika mashindano ya Michelangelo. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa mtengeneza mvinyo mwanamke bora wa mwaka nchini mwake. Baadaye alianzisha kampuni yake na kuipa jina la bibi yake, Aslina. Mmoja wa mivinyo yake unaitwa Umsasane, jina la utani la bibi huyo na pia la mti wa jamii ya mgunga, ambao mkazi wa Dodoma hahitaji kuonyeshwa picha yake.

Medali hizo zilitanguliwa na miaka ya kujifunza kemia, udongo na vijidudu, kwa kuwa makosa ya kazi hii hayarekebishiki kwa urahisi. Rangi ya mvinyo mwekundu, kwa mfano, haitoki kwenye maji ya tunda, ambayo katika zabibu nyingi nyekundu hayana rangi. Hutoka kwenye maganda, pamoja na tanini inayokausha ulimi. Maganda yakiondolewa mapema, mvinyo hupauka. Yakiachwa mno, huwa mchungu. Mvinyo mweupe huchachushwa kwa ubaridi, kwa kawaida kati ya nyuzi joto 12 na 18, ili harufu ya tunda isipotee. Mwekundu huhitaji joto zaidi, lakini likipita kiasi hamira hufa na sukari hubaki. Kisha mvinyo wa daraja la juu huweza kulazwa mwaka mmoja au zaidi katika mapipa ya mwaloni ya lita 225. Muda wote huo fedha ya mwenye kiwanda nayo imelala ghalani, na hiyo ni sehemu ya bei ambayo mnunuzi huiona dukani.

Kabla ya yote hayo lipo shamba, na hapa ndipo suala linapomgusa mkulima wetu. Mzabibu uliobeba vichala vingi kupita kiasi hugawa utamu na ladha yake kwa vyote, hivyo mwenye kutafuta ubora huondoa baadhi yake. Mkulima anayelipwa kwa kilo peke yake hana sababu ya kufanya hivyo. Atakuwa anatupa fedha. Mahali ambapo bei haipandi kwa kiwango cha sukari na hali ya tunda, ni vigumu kumlaumu kwa kuchagua uzito.

Dodoma ina jambo ambalo maeneo ya baridi hayana: mzabibu haulali, na kupogoa ndiko kunakoanzisha msimu mpya. Kwa sababu hiyo mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno yanayoangukia mvua huweza kupungukiwa sukari na kushambuliwa na ukungu, ilhali ya kiangazi huwa na nafasi kubwa ya kuwa matamu. Jua kali nalo hupunguza tindikali, ambayo ndiyo huupa mvinyo uchangamfu, kwa hiyo inafaa kuchuma alfajiri na kufikisha mzigo kiwandani siku hiyohiyo. Zabibu zilizopondeka na kukaa juani huanza kuchachuka zenyewe.

Kwa upande wa kodi, sheria ya ushuru wa bidhaa hutoza kiwango cha chini mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini. Unafuu huo huangalia asili ya zabibu. Ubora wake hubaki kuwa suala la mkulima na kiwanda.

Wakulima wanaotaka ushauri kuhusu aina za mizabibu, ikiwemo Makutupora nyekundu, Chenin Blanc na Syrah, wanaweza kuufuata katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kilichopo Makutupora, Dodoma.