Ombi ni Bure, Kazi Si Bure: Nani Hulipia Majalada Yetu?



Mama mmoja wa jamii yetu alihitaji barua moja tu: ile iliyoonyesha tarehe aliyoandikishwa na halmashauri ya mji wake katika orodha ya wanaongojea nyumba. Nakala yake ilipotea katika kuhamahama. Akashauriwa aombe taarifa zake, naye akaandika: “Nataka kila kitu mlicho nacho kunihusu.” Baada ya miezi mitatu akaletewa boksi zima la makaratasi, mengi yakiwa yamezibwa kwa wino mweusi. Barua yake ilikuwemo, chini kabisa. Lakini nyumba aliyokuwa akiipigania ilikwisha kupewa mtu mwingine.

Kisa hiki kina pande mbili, na ni vyema tuzitazame zote: upande wa mwombaji, na upande wa mfuko wa umma unaolipia kazi hiyo.

Hapa Uingereza, haki ya mtu kuona yale yaliyoandikwa juu yake katika kompyuta za ofisi ilitokana na sheria ya mwaka 1984, ikapanuliwa na sheria ya mwaka 1998. Zamani ofisi iliruhusiwa kutoza ada, kwa kawaida isiyozidi pauni 10. Tarehe 25 Mei 2018 kanuni mpya za Umoja wa Ulaya zilipoanza kutumika, ada hiyo iliondolewa, na muda wa kujibu ukapunguzwa kutoka siku 40 hadi mwezi mmoja. Ombi likiwa na uzito wa pekee, ofisi yaweza kujiongezea miezi miwili. Uingereza ilipotoka katika Umoja huo haikuiondoa haki hii.

Wengi wetu hudhani kwamba kazi yenyewe ni kutoa jalada kabatini na kulipiga fotokopi. Sivyo. Kwanza karani huhakikisha kuwa mwombaji ndiye mwenyewe. Kisha hutafuta katika makabati, kompyuta na barua pepe za idara mbalimbali. Halafu huja kazi iliyo ndefu kuliko zote: kusoma kila ukurasa. Katika jalada lako yumo pia jirani aliyeshitaki, au jamaa aliyesema jambo kwa siri. Huyo naye ana haki ya kuhifadhiwa, na karani akikosea, siri ya mtu imetoka na haiwezi kurudishwa. Ndiyo maana ya ule wino mweusi.

Je, kazi hiyo hugharimu kiasi gani? Tuna kipimo kimoja cha kukadiria. Ile Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000, inayohusu habari za shughuli za serikali, ina kanuni zinazohesabu saa moja ya mtumishi kuwa ni pauni 25. Wizara yaweza kulikataa ombi litakalozidi pauni 600, yaani saa 24 za kazi. Halmashauri yaweza kulikataa litakalozidi pauni 450, yaani saa 18. Lakini ombi la mtu kuona taarifa zake mwenyewe halikuwekewa kikomo cha fedha cha namna hiyo. Kwa kipimo hicho, jalada litakalochukua saa 35 za karani mmoja ni pauni 875. Hata ile ada ya zamani ya pauni 10 haikutosha kulipia nusu saa. Fedha hizo hutoka katika mfuko ule ule unaolipia maktaba na matunzo ya wazee, mfuko ambao sisi pia tunauchangia kwa kodi zetu.

Basi tuache kuomba? La, hasha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika nchi ya ugenini, hata ukaazi wa mtu waweza kupotea hivyo hivyo. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba watu waliotoka visiwa vya Karibi, walioingia nchini kihalali kabla ya mwaka 1973, wengine wakiwa watoto, walinyimwa kazi na matibabu, na baadhi yao wakafukuzwa nchini, kwa kukosa karatasi za kuthibitisha haki yao. Kadi za kushukia meli, ambazo zingeweza kuwasaidia baadhi yao, zilikuwa zimeteketezwa na serikali mwaka 2010. Kufikia mwaka 2025 fidia iliyolipwa ilikuwa imepita pauni milioni 100. Linganisheni kiasi hicho na saa chache za karani! Wenzetu waliokimbia vita vya Somalia mwaka 1991 wakaacha kila karatasi nyuma wanajua vyema thamani ya jalada.

Kwa hiyo tuombe, lakini tuombe kwa kipimo. Taja ofisi au idara, jambo lenyewe na tarehe. Kwa mfano: “Naomba barua zote zinazohusu ombi langu la nyumba, kuanzia Januari 2019 hadi Juni 2020.” Ambatanisha uthibitisho wa jina na anwani ukitakiwa, na uweke nakala ya barua yako. Hakuna haja ya kumlipa mtu akuandikie. Ukiulizwa ufafanue unachotaka, jibu upesi, kwani siku zaweza kusimama kuhesabiwa mpaka ujibu. Ikiwa kweli unahitaji jalada zima, kama wanavyohitaji wengi wenye kesi za uhamiaji, liombe bila haya. Hiyo ni haki yako.

Ofisi nazo zina wajibu wao. Iliyopanga majalada yake vizuri hulipata jibu kwa saa moja. Iliyoyatupa ovyo hutafuta wiki nzima, kisha humlaumu mwombaji kwa gharama.

Yule mama sasa ana faili lake nyumbani, kila barua ikiwa na tarehe yake. Nasi tuanze hapo, kabla ya kumwandikia karani.