Neno "Haigawanyiki" katika Somo la Kugawanya kwa Njia Ndefu

Kugawanya kwa njia ndefu hudhihirisha uzito wa lugha katika hisabati ya shule ya msingi. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu 1967, hatua za kazi hiyo husomeshwa kwa maneno ya kila siku: ingia, shusha, baki. Wepesi wa maneno hayo ni neema, ila una mtego wake.

Chukuliwe mfano wa 826 kugawanywa kwa 8. Mwanafunzi husema nane katika nane huingia mara moja, akaandika 1. Hushusha 2, akaambiwa "mbili haigawanyiki kwa nane". Basi hushusha na 6, akapata 26, akaandika 3, na jibu likawa 13 baki 2. Jibu sahihi ni 103 baki 2.

Kosa hili aghalabu huitwa uzembe. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwani kauli yenyewe imechangia. "Haigawanyiki" humwashiria mtoto kwamba hakuna lililotendeka. Na pasipotendeka jambo, kuna haja gani ya kuandika? Lau angeambiwa kuwa makumi 2 hayatoshi watu 8, hivyo kila mmoja hupata makumi 0, na kwamba makumi hayo huvunjwa na kuungana na mamoja 6 kuwa mamoja 26, sifuri ingekuwa na mahali pake. Neno "shusha" nalo huificha kazi hiyo ya kuvunja makumi: huonyesha mwendo wa tarakimu karatasini, si thamani yake.

Utata huongezeka mwanafunzi afikapo kwenye vigawo na vigawe, istilahi mbili ambazo (jambo la kustaajabisha kwa umri ule) hutofautiana kwa irabu ya mwisho tu. Hapo huambiwa kuwa 826 haigawanyiki kwa 8, ilhali yeye ameshaigawanya akapata jibu. Katika mada hii kitenzi kile kina maana finyu zaidi: haigawanyiki bila baki. Nane ni kigawanyo katika hesabu ile, lakini si kigawo cha 826. Kiambishi cha kutendeka kimebebeshwa maana mbili, na ni nadra tofauti hiyo kutamkwa wazi.

Kwa mintarafu ya istilahi, lililo jepesi ni kuliachia neno "haigawanyiki" mada ya vigawo, daima likifuatwa na "bila baki", na kutumia "hayatoshi" katika hatua za njia ndefu. Mwanafunzi aliyeandika 13 anaweza pia kujikagua: 8 mara 13, ukijumlisha baki 2, ni 106. Kwa 103, hesabu hurejea 826.