Tangi linapotuma ujumbe: Jinsi ya kujua kiwango cha maji ukiwa mbali

KATIKA mitaa mingi ya Nakuru, siku huanza kwa mlio wa kugonga tangi. Mlinzi au msimamizi wa ploti huligonga kwa ngumi kutoka juu kwenda chini, akisikiliza mahali ambapo sauti ya utupu inakoma na sauti nzito ya maji inaanza.

Mbinu hiyo ni ya miaka mingi na haina gharama. Kasoro yake ni kwamba humpa jibu yule tu aliye karibu na tangi, na kwa wakati ule tu anapoligonga.

Maji yakiisha saa nane za usiku, hakuna anayejua hadi mpishi wa shule ya bweni afungue mfereji saa kumi na moja alfajiri na kupata hewa badala ya maji. Wakati huo wanafunzi mamia kadhaa wanasubiri uji, na mwenye lori la maji bado amelala.

Ni pengo hilo ambalo kifaa kidogo cha kielektroniki, kinachoweza kukaa kwenye kiganja cha mkono, kinakusudiwa kuziba. Kifaa hicho hupima kiwango cha maji na kupeleka habari kwa simu ya mhusika, awe Nakuru, Naivasha au ng'ambo.

Hata hivyo, ni muhimu msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba kipimo hakileti maji. Kinacholetwa ni habari, na thamani ya habari hutegemea yule anayeipokea na hatua anayochukua.

Kwa nini tangi ni muhimu Nakuru

Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 1, 2021, umekaa kati ya mlima wa volkano wa Menengai na Ziwa Nakuru, ambalo maji yake ni ya magadi na hayanyweki. Kwa sababu hiyo, jiji hutegemea sana maji ya visima virefu, ambayo lazima yavutwe kwa pampu za umeme.

Umeme ukipotea, pampu husimama. Ugavi ukiwa wa zamu, mtaa mmoja hupata maji leo na mwingine hungoja siku yake. Bwawa la Itare katika eneo la Kuresoi, lililotarajiwa kupunguza kiu hiyo, ujenzi wake ulikwama mnamo 2018.

Katika hali kama hiyo, tangi ndilo benki ya familia, shule, hospitali na shamba la maua. Na ni ajabu kwamba watu wanaojua salio la pesa katika simu zao hadi shilingi ya mwisho hawajui salio la maji yaliyo juu ya paa lao.

Kupima maji kwa mwangwi

Kifaa chenyewe kina sehemu tatu: kihisi kinachopima, kompyuta ndogo ya chipu moja ambayo mafundi huiita maikrokontrola, na chombo cha kupeleka habari kwa mtandao.

Kihisi kinachotumiwa sana hufungwa chini ya kifuniko cha tangi kikitazama maji. Hutoa mlio mkali ambao sikio la binadamu haliwezi kuusikia. Mlio huo hugonga uso wa maji na kurudi kama mwangwi, nayo maikrokontrola hupima muda uliopita.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Katika hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 6 kwa 1,000 za sekunde, sauti imesafiri takriban mita 2.06 kwenda na kurudi. Nusu yake, yaani mita 1.03, ndiyo nafasi iliyo wazi juu ya maji.

Ikiwa kihisi kimefungwa mita 2.30 kutoka sakafu ya tangi, basi kina cha maji ni mita 1.27. Tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 2 hubeba takriban lita 31 katika kila sentimita ya kimo. Kwa hivyo tangi hilo lina karibu lita 4,000.

Njia nyingine ni kuweka chini kabisa kihisi kinachopima uzito wa maji yaliyo juu yake. Hiki hakisumbuliwi na mawimbi, lakini tope likijikusanya huweza kukiziba. Boya la kawaida nalo ni rahisi zaidi, ingawa husema jambo moja tu: kwamba maji yamefika au hayajafika mahali fulani.

Maikrokontrola zenye uwezo wa kujiunga na intaneti bila waya zilianza kupatikana kwa bei nafuu mnamo 2014, pale kampuni ya Espressif ya Shanghai, Uchina, ilipotoa chipu yake ya ESP8266. Mnamo 2016 ilifuata ESP32. Hizo ndizo zinazotumiwa na wanafunzi wengi wa uhandisi na mafundi wa mitaani.

Habari husafiri vipi

Palipo na intaneti ya nyumbani, kifaa huitumia hiyo hiyo. Palipo mbali, huwekewa laini ya simu na kutuma ujumbe mfupi. Njia ya tatu ni redio ya LoRa, ambayo hutumia umeme kidogo sana na huweza kufika kilomita kadhaa mahali ambapo hakuna kizuizi.

Ardhi ya Bonde la Ufa ina faida hapa. Matangi makubwa hujengwa kwenye miinuko ili maji yateremke yenyewe, na chombo kilichofungwa juu ya mwinuko huona mbali. Mwenye shamba anaweza kuweka kipokezi kimoja nyumbani kikahudumia matangi kadhaa.

Ng'ambo ya pili ya milima ya Aberdare, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wametumia mbinu hiyo ya mwangwi pamoja na redio ya LoRa kupima kina cha mito. Kanuni ni moja, iwe ni mto au tangi.

Kuhusu umeme, siri ni usingizi. Kifaa huamka kila baada ya dakika 15, hupima, hutuma habari na kulala tena. Chipu iliyolala hutumia sehemu ndogo mno ya umeme inaoutumia inapotuma. Betri na paneli ndogo ya sola hutosha, mradi betri iwe na nguvu ya kuhimili modemu ya simu, ambayo huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa muda mfupi sana inapotuma.

Makosa ya kuepukwa

Wengi huanza kwa shauku na kukata tamaa baada ya mwezi mmoja, kwa sababu kifaa kinasema uongo. Mara nyingi si kifaa kilicho kibovu, bali ni hali ya tangi ambayo haikuzingatiwa.

Kwanza ni joto. Jua la mchana huweza kupandisha joto la hewa ndani ya tangi jeusi la plastiki hadi nyuzi 40, na katika joto hilo sauti husafiri karibu mita 355 kwa sekunde. Kifaa kisichojua hivyo kitakosea kwa sentimita 5 hivi palipo na nafasi ya mita moja na nusu, na kitaonyesha takriban lita 160 ambazo hazipo.

Dawa yake ni kuongeza kipimo cha joto cha bei nafuu ndani ya tangi, kisha programu irekebishe hesabu.

Pili ni unyevu. Vihisi vya bei ya chini kabisa havikutengenezwa kwa mvuke, na huoza ndani ya tangi. Inafaa kununua vile vilivyozibwa dhidi ya maji. Navyo vina sharti lake: haviwezi kupima kitu kilicho karibu mno, hivyo viwekwe angalau sentimita 25 juu ya kiwango cha tangi lililojaa.

Tatu ni mawimbi. Maji yanapoingia kwa kishindo uso hutikisika na mwangwi huyumba. Programu nzuri hupima mara kadhaa, hupanga majibu kwa ukubwa na kuchukua lile la katikati.

Nne ni wingi wa jumbe. Ukiagiza upashwe habari maji yakifika asilimia 30, nayo yakawa yanapanda na kushuka papo hapo, simu haitanyamaza. Agiza onyo litolewe chini ya 30, lisirudiwe hadi maji yawe yamepita 40.

La mwisho, na kubwa kuliko yote, ni ukimya. Kifaa kilichokufa hakitumi onyo, na mwenye tangi hudhani mambo ni shwari. Kwa hivyo kila kifaa kiagizwe kutuma salamu angalau mara moja kwa siku, na kukosekana kwa salamu hiyo kuhesabiwe kuwa onyo.

Mwizi wa usiku

Faida isiyotarajiwa na wengi haihusu tangi tupu, bali tangi linalopungua wakati watu wote wamelala.

Chukulia lile tangi letu la kipenyo cha mita 2. Tangu saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri hakuna pampu wala mfereji uliofunguliwa, lakini kiwango kimeshuka sentimita 6. Hizo ni karibu lita 190. Uvujaji wa kasi hiyo usiku na mchana kwa siku 30 humeza zaidi ya lita 22,000.

Mara nyingi chanzo huwa ni tangi la choo lisilofunga vizuri au bomba lililopasuka chini ya ardhi. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Lakini hapa pia joto lina hila. Hewa inapopoa usiku sauti hupunguza mwendo, na kifaa kisichorekebishwa huonyesha kana kwamba maji yanashuka. Kabla ya kumlaumu fundi wa mabomba, hakikisha kipimo cha joto kipo.

Tatizo hili si la nyumbani pekee. Ripoti za Wasreb, bodi inayosimamia huduma za maji nchini, zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayalipiwi, mengine yakipotea kwa uvujaji na mengine kwa miunganisho haramu.

Funzo la Kyuso

Je, kuna ushahidi kwamba habari za mbali husaidia? Mfano mmoja unaojulikana sana ulitokea hapa Kenya, katika eneo la Kyuso, Kaunti ya Kitui.

Huko watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walifunga vifaa ndani ya mikono ya pampu za visima vya vijijini. Vifaa hivyo vilihesabu jinsi mkono ulivyosukumwa na kutuma takwimu kwa ujumbe wa simu. Pampu iliponyamaza, ilijulikana kwamba huenda imeharibika.

Katika majaribio ya mwaka wa 2013, muda wa wastani wa pampu kukaa bila kurekebishwa ulipungua kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3.

Hata hivyo, vifaa pekee havikufanya kazi hiyo. Palikuwa na mafundi waliopewa jukumu la kuitikia, pikipiki na vipuri. Bila hao, ujumbe ungefika na pampu ingebaki imekufa.

Bonde la Ufa lina kumbukumbu chungu inayotuhimiza kuyachukulia maji yaliyohifadhiwa kwa uzito. Usiku wa Mei 9, 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la shamba la kibinafsi huko Solai lilivunja kingo zake na kuua watu zaidi ya 40.

Si haki kudai kwamba kifaa cha mfukoni kingeuzuia msiba huo, kwa kuwa usalama wa bwawa ni suala la ujenzi, ukaguzi na sheria. Lakini maji mengi juu ya makazi ya watu hayafai kuachwa bila jicho, na jicho hilo halina maana pasipo mtu mwenye mamlaka ya kuwaamsha walio chini.

Kisichopimwa

Kuna mambo ambayo kifaa hiki hakiwezi kuyasema. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), na athari zake huonekana katika meno ya hudhurungi ya watoto. Tangi lililojaa si lazima liwe tangi salama.

Vilevile, swichi ya kuzima pampu kisima kinapokauka isitegemee mtandao. Pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji yenyewe, na ikiendelea kuzunguka bila maji huungua. Swichi hiyo iunganishwe kwa waya papo hapo.

Na takwimu za maji ni siri ya nyumba. Tangi ambalo halijapungua kwa siku tatu humweleza mwizi kwamba wenyewe wamesafiri. Nywila iwe imara, na orodha ya wanaopokea habari iwe fupi.

Kwa mwenye kutaka kuanza, maikrokontrola hupatikana kwa bei isiyofika Sh2,000, na kihisi, betri na kisanduku cha kuzuia mvua huongeza gharama. Lakini kabla ya kununua chochote, achukue karatasi na kuandika majina mawili: atakayepokea ujumbe saa nane za usiku, na atakayekwenda kwenye tangi.

Akiyakosa majina hayo, ni heri aendelee kuligonga tangi kwa ngumi.