Mbwa wa Ghala na Nyama Mbichi



Msimu wa mavuno unapowadia, ghala za vyama vya msingi katika Songea hupokea mahindi, ufuta na soya. Chama kinachofuga mbwa wa ulinzi hutaka awe na nguvu wakati huo. Basi mbwa aliyezoea ugali na dagaa mwaka mzima huletewa ghafla matumbo na mabaki ya machinjioni, akatupiwa yakiwa mabichi. Kesho yake anaharisha, anatapika na kujilaza, na ghala limepungukiwa mlinzi.

Sababu yake ni hii. Tumboni mwa mbwa mna vijidudu visaidiavyo kusaga chakula, navyo hulingana na chakula kilichozoeleka. Kikibadilika kwa siku moja, usagaji huvurugika. Tena mafuta mengi kwa mara moja huweza kudhuru kongosho, na nyama iliyochacha huwa na bakteria waletao kuhara.

Kwa hiyo chakula kibadilishwe polepole, kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mwanzoni chakula kipya kiwe robo tu, kisha nusu, kisha robo tatu, ndipo kiwe chote.

Mbwa mzima akiharisha, apumzishwe kula kwa muda wa saa 12, lakini maji safi asikose. Mtoto wa mbwa asinyimwe chakula. Baadaye apewe wali laini pamoja na nyama isiyo na mafuta iliyochemshwa, bila chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo. Dawa za binadamu asipewe. Ikiwa kinyesi kina damu, au anatapika mfululizo, au amelegea, au kuhara kumepita siku 2, aitwe afisa mifugo. Kwa mtoto wa mbwa aitwe mara moja.

Lakini yafaa ieleweke kwamba kuhara siyo hatari kubwa kuliko zote, maana huonekana. Iko hatari isiyoonekana. Maini na mapafu ya ng'ombe, mbuzi au kondoo huweza kuwa na malengelenge ya maji yenye viluwiluwi vya tegu mdogo. Mbwa akiyala mabichi, tegu hao hukua tumboni mwake, na mara nyingi yeye haonyeshi dalili yoyote. Mayai yao hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza kwa mikono michafu, mboga au maji, hupata uvimbe wa maji katika ini au mapafu, unaokua taratibu kwa miaka mingi na pengine huhitaji upasuaji. Turkana, nchini Kenya, ni mahali palipojulikana sana kwa ugonjwa huu. Basi mbwa asiyeharisha hathibitishi kwamba nyama mbichi ni salama, na wanaocheza karibu naye ni watoto wa mlinzi na wa wanachama.

Makatibu mnaombwa kusimamia mambo haya: matumbo na nyama vichemshwe kwa nusu saa kamili, viungo vyenye malengelenge vichomwe au vifukiwe shimo refu, kinyesi cha mbwa kizolewe na kufukiwa, mlinzi awe na maji na sabuni, na mbwa apewe dawa ya tegu kwa ratiba ya afisa mifugo.

Kamati inayotenga fedha za kufuli na taa ya ghala haina budi kutenga pia fedha za sufuria, kuni na dawa ya mbwa, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.