Mijusi, Nyoka na Nge Walio Wageni: Ginsi Wanavyopata Inchi Mpya

Jioni taa inapowaka hapa Likasi, mjusi mdogo wa rangi ya kijivu anatoka nyuma ya dirisha, anapanda ukuta, anangojea mbu na vipepeo vya usiku. Wenye elimu wanamwita Hemidactylus mabouia. Yeye ni mwenyeji wa Afrika. Lakini mtu aliyempa jina hili la elimu, Moreau de Jonnès, alimwandika mwaka 1818 kwa kumtazama mbali sana na kwetu, katika visiwa vya Antili, upande wa Amerika. Basi, namna gani mjusi asiyejua kuogelea baharini alivuka Atlantiki? Wengi wanafikiri kwamba alisafiri ndani ya merikebu, pengine zile zilizopeleka watumwa. Leo anakaa Brazili, Florida na visiwa vingi vya kule, sawa vile anavyokaa kwetu.

Mnyama wa namna hii tunamwita mgeni: hakuzaliwa katika inchi ile tangu zamani, bali mtu alimpeleka, kwa kutaka au bila kujua. Tutazame mambo matatu: njia anayopita, sababu zinazomkalisha, na hasara anayoleta.

1. Njia anayopita

Njia ya kwanza ni mizigo. Uingereza haina nge hata mmoja aliye mwenyeji. Lakini katika bandari ya Sheerness, karibu na mdomo wa mto Thames, nge wanaishi ndani ya nyufa za kuta za zamani. Walikwisha kuonekana pale mwaka 1860. Asili yao ni Ulaya ya kusini, kama Italia na Ufaransa, na inafikiriwa kwamba walifika ndani ya merikebu pamoja na mawe ya kujengea. Jina lao ni flavicaudis. Ninyi mnaosoma Kilatini mnaelewa mara moja: cauda flava, mkia wa manjano. Ni wadogo, kama sentimeta 4 hivi, na sumu yao ni dhaifu.

Karibu na kwetu kuna mfano wa ajabu zaidi. Katika pwani ya Kenya na Tanzania anaishi nyoka mdogo mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu, Indotyphlops braminus. Asili yake ni Asia. Anakaa ndani ya udongo, anakula mayai na watoto wa siafu na wa mchwa, na hana sumu. Anasafiri katika vyungu vya maua. Nyoka hawa wote ni majike, dume hakuna. Jike anataga mayai peke yake, na mayai yanatoa majike wengine. Kwa hiyo nyoka mmoja tu katika chungu kimoja anatosha kuanzisha ukoo katika inchi mpya.

Njia ya pili ni mkono wa mtu. Mwaka 1972 mfanya biashara wa wanyama katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, alipokea vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamechoka na kukauka. Akawaachilia katika shamba la nyumba yake wapate maji na nguvu. Wakaenda zao mitini. Kinyonga huyu hatagi mayai. Jike anazaa watoto walio hai, pengine zaidi ya 20 kwa mara moja. Leo wamesambaa katika visiwa kadhaa vya Hawaii.

Njia ya tatu ni kutoroka. Katika miaka ya 1970 nyoka wa Aesculapius, asili yake Ulaya ya kusini na ya kati, walitoka katika bustani ya wanyama ya Colwyn Bay, inchi ya Wales. Wazao wao wako pale hata leo. Hawana sumu, wanakula panya, na jina lao linakumbusha mungu wa uganga wa Wagriki wa kale.

2. Kuishi si kuzaa

Si kila mgeni anayefika anapata kukaa. Inafaa tutofautishe maneno mawili: kuishi na kuzaa. Kobe wa maji wa Amerika, mwenye alama nyekundu nyuma ya macho, aliuzwa kwa watoto wengi Ulaya. Alipokuwa mkubwa, watu walichoka naye, wakamtupa katika mabwawa. Mwaka 1997 inchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kumwingiza. Katika mabwawa ya Uingereza anaweza kuishi miaka mingi, lakini mayai yake kwa kawaida hayaanguliki, juu ya baridi ya udongo. Akifa mzee, habari yake inakwisha.

Nge wa Sheerness walishinda kwa sababu gani? Ukuta unapata joto la jua, nyufa zinawakinga na baridi, na nge anaweza kukaa miezi bila chakula. Kiisha anazaa pale pale. Basi mgeni anahitaji mambo matatu: hali ya hewa inayomfaa, chakula, na namna ya kuzaa.

Tufikiri juu ya Likasi yetu. Tuko juu, zaidi ya metre 1200, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni wa baridi. Baridi hii inazuia wengi waliozoea joto la pwani. Lakini ndani ya ghala na jiko baridi haiingii sana. Na gari la moshi na malori ya Kasumbalesa yanaleta mizigo kila siku. Mlango uko wazi.

3. Hasara anayoleta

Wageni wengine hawadhuru kitu. Wengine wanaleta hata faida: samaki wadogo wa Tanganyika waliopelekwa katika ziwa Kivu karibu na mwaka 1959 wanalisha watu wengi mpaka leo. Lakini wengine wanaharibu kabisa. Mjusi wa nyumba wa Asia, Hemidactylus frenatus, aliye pia katika pwani ya Afrika ya Mashariki, aliingia Morisi na visiwa jirani. Kule aliwafukuza mijusi wenyeji wa usiku katika maficho yao, hata wakabaki tu katika visiwa vidogo asikofika. Vinyonga wa Hawaii wanakula konokono wasiopatikana pengine popote duniani. Konokono wale wakiisha, hakuna inchi nyingine ya kwenda kuwatafuta.

4. Sisi tufanye nini?

Kwanza, tusiwaue wanyama kwa hofu ya bure. Mjusi wa ukutani hana sumu. Kinyonga hana sumu. Anayemwita mjusi mchawi anapoteza mlinzi anayekula mbu wa nyumba yake. Katekista akiulizwa, ajibu hivyo wazi.

Pili, tusilegee mbele ya hatari ya kweli. Inchi yetu ina nyoka wa sumu kali walio wenyeji. Mtu akiumwa, asikatwe wembe, wala jiwe jeusi lisitegemewe, maana halivuti sumu. Asitembee, kiungo kilichoumwa kitulizwe, naye apelekwe hospitali upesi.

Tatu, tusihamishe mnyama aliye hai kutoka inchi moja mpaka nyingine, hata akiwa mdogo na mzuri. Anayepokea mzigo, vyungu vya maua au mbao kutoka mbali, atazame vizuri kabla ya kuviingiza ndani. Ni kazi ya dakika chache. Kumwondoa mgeni aliyekwisha kuzaa ni kazi ya miaka, na mara nyingi haiwezekani tena.