Mahari ni Mali ya Nani?

Sisi wa Kasulu na Kibondo twasema Kiha, na Kiswahili twakipata shuleni. Kwa hiyo maneno ya ndoa hutuchanganya. Mshenga ni yule apelekaye posa. Mavyaa ni mama wa mume. Wanaume waliooa ndugu wawili huitana mwanyumba.

Lakini neno la kuangaliwa sana ni mahari. Asili yake ni Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe. Ng'ombe wa desturi yetu hupelekwa kwa babaye. Warundi, jirani zetu, huita mali hiyo inkwano. Ayachanganyaye mawili haya barazani aweza kumnyima mtu haki yake. Tena, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa haibatiliki kwa kuwa mahari haikutolewa. Basi kabla ya kuhesabu ng'ombe, tuulizane: mali hii ni ya nani?